Rangi Inayojipanga Yenyewe

1

Siku Dakta Nuhu Singano alipokwenda Ndaghau kumharibia mtu jina, upepo wa Singida ulikuwa unavuma kama kawaida yake, yaani bila adabu. Ulimvua kofia aliposhuka tu garini. Akaikimbilia mbele ya watu wazima waliokuja kumpokea, akaiokota karibu na kinu, akajipangusa vumbi na kujifanya anacheka.

Mkobani alikuwa na taarifa. Ilisema kwamba Fundi Eliwaza Ntandu amechakachua Ngozi, ile rangi ya kupaka mapaa inayogeuza jua kuwa umeme, ameiongeza thina mpaka ikapoteza nguvu, na kwamba kwa sababu hiyo mapaa mia mbili na kumi na manne ya Ndaghau hayatoi umeme wa kutosha. Kilichobaki ni yeye kubonyeza kidole gumba chini ya ukurasa. Taarifa yenyewe aliiandika Tanga siku tatu kabla hajaliona paa hata moja. Ilikuwa ya tatu ya namna hiyo mwaka ule, na zile mbili za kwanza alizibonyeza bila hata kusafiri.

Kinu alichookotea kofia kilikuwa kimelowa. Mama mmoja alikuwa anatwangia mtama, na pembeni yake kulikuwa na vingine vinne. Kwa miaka mingi vinu vile viligeuzwa viti vya kukalia barazani, maana umeme wa nguzo ulisaga; kisha ikapita Sheria ya Paa, nguzo zikang'olewa, na kila kijiji kikaambiwa kile kwa paa lake: upake Ngozi, usage, uvute maji, upoze dawa. Sasa mashine ya kusaga ilikuwa kimya kwa miezi minne, pampu ilivuta saa mbili kwa siku, na viti vimerudi kuwa vinu.

Fundi Eliwaza alikuwa anamngoja chini ya ngazi ya zahanati. Mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, miwani imefungwa kisogoni kwa utepe wa mpira. Nuhu ana arobaini na moja. Kwa malezi yake ya Tanga alipaswa kumwamkia, na shikamoo ilimfika kabisa ulimini. Akaimeza. Ni vigumu kumwomba mtu marahaba huku umembebea msiba mkobani.

"Karibu, daktari. Pole na safari," Fundi Eliwaza alisema. "Tangulia wewe, nikushikie ngazi."

Juu ya paa upepo ulikuwa mkali zaidi. Nuhu alipiga magoti, akalitazama bati. Ngozi iliyoshika vizuri huwa na buluu ya shingo ya njiwa. Hii ilikuwa kahawia, rangi ya chai ya mkandaa, kila mahali, kutoka mgongo wa paa hadi mchirizi. Akaweka kipimo. Asilimia nne tu ya mwanga ndiyo iliyogeuka umeme. Akasogea, akaweka tena. Nne.

Pembeni, chini kulia, kulikuwa na alama ya kiganja. Kila fundi wa Ngozi akimaliza paa hubandika kiganja chake kwenye rangi mbichi, na hiyo ndiyo saini yake na dhamana yake. Kiganja cha Eliwaza kilitambulika hata kwa mbali, maana kidole cha mwisho kilivunjika utotoni kikaunga kikiwa kimepinda. Akithibitika amechakachua, viganja vyake vyote husuguliwa kwa msasa hadharani, paa moja baada ya jingine. Fundi aliyesuguliwa hapati paa jingine mpaka anaingia kaburini.

"Makopo mia tatu na sita," Fundi Eliwaza alisema, akimpa daftari. "Yote yalifunguliwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na ameweka jina lake. Saa ya kuanza, saa ya kumaliza, yote nimeandika. Na kitabu chako, daktari, nimekisoma mpaka nimekikariri. Ukurasa wa kumi na mbili unasema, 'Molekuli inajipanga yenyewe. Mpulizaji asingoje, aendelee na paa linalofuata.' Basi sikungoja."

"Vizuri," Nuhu alisema, akilifunga daftari.

"Ila kuna kitu nataka nikuonyeshe. Kinaninyima usingizi."

Akamwongoza nyuma ya tangi la maji. Pale, kwenye bati lilelile, palikuwa na kipande cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Kilikuwa buluu ya shingo ya njiwa.

Nuhu alikitazama muda mrefu. Akaweka kipimo. Kumi na nane.

"Siku ile tulipopuliza, lilikuja vumbi," Fundi Eliwaza alisema. "Nikatupia turubai hapa rangi isiharibike. Turubai lenyewe lilikuwa limelowa thina, ndilo tulilooshea bomba. Nikalisahau mpaka saa kumi. Nilipolifunua nikakuta hivi. Sasa najiuliza, daktari. Rangi moja, kopo moja, mkono mmoja. Kwa nini hapa imekubali na kwingine kote imekataa? Wewe ndiye uliyeiumba. Hapa kuna nini?"

Aliuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu anayemwamini. Hakukuwa na ujanja wala mtego katika sauti yake. Nuhu alijua jibu. Alilijua vizuri kuliko anavyoujua mstari wa kiganja chake mwenyewe.

"Sijui," akasema.

2

Aliomba apumzike garini kabla ya mkutano. Dereva alikwenda kutafuta chakula. Nuhu akafunga vioo, akakaa na joto na neno lake.

Molekuli aliyoiunda kwa maji ya mkonge yanayomwagwa viwandani huitwa Singano-7, na watoto wa shule huichora kwenye daftari. Ina shina bapa mfano wa sahani, na kwenye shina imeota mikia miwili yenye panda. Shina ndilo linalonasa mwanga. Mwanga ukilipiga, huamsha ndani yake kifurushi kidogo cha nishati, na kifurushi hicho kina maisha mafupi kuliko kupepesa kope. Kinatakiwa kifike kwenye mpaka, pale molekuli inayotoa elektroni inapokutana na ile inayopokea, kabla hakijafa. Safari yenyewe si ndefu. Ukate unywele mmoja mara elfu nane, upana wa kipande kimoja ndio mwisho wa nguvu zake.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea sahani zimekaaje. Zikipangana moja juu ya nyingine, kifurushi hupita kama ndoo ya maji inavyopita mkono kwa mkono wakati wa kuzima moto. Zikilala ovyo, kila moja na upande wake, hufia njiani. Na mpangaji ni mkia. Mkia mrefu mno hutenga sahani zisigusane, mkia mfupi mno huzigandisha mabonge. Nuhu alihangaika na mikia kwa miaka sita. Wa saba ulikuwa na urefu wa kadiri, panda yake mahali pake, na kwa hesabu zote ulipaswa kufanya kazi.

Haukufanya. Alimimina rangi kwenye vioo thelathini na viwili maabara ya Tanga, na vyote vikawa rangi ya chai.

Ijumaa moja, wakati jopo la wakaguzi likitarajiwa wiki inayofuata, aliacha vioo vibichi mezani akaenda kuswali. Jiko la umeme la kukaushia lilikuwa limeharibika. Bi. Mwantumu, mhudumu wa maabara, aliyekuwa akiosha vyombo vya kioo na kumkalipia kila mtu kwa kutokula, akaona vioo vitaingia vumbi. Akachukua sufuria yake ya wali. Akatandika kitambaa kilicholowa thina chini, akapanga vioo juu ya kichanja cha waya, akafunika. Juu ya mfuniko akamwaga mchanga wa vuguvugu, kama anavyopalia makaa kwenye mfuniko wa wali uive juu na chini. Akaviacha saa mbili.

Nuhu aliporudi akakuta vioo vya buluu. Kumi na tisa kwa mia.

"Umevifanya nini?" aliuliza.

"Nimevipalia," Bi. Mwantumu alisema. "Kwani vibaya?"

Haikuwa vibaya. Ndani ya sufuria mvuke wa thina ulizuia rangi isikauke haraka, na sahani zikapata nafasi ya kugeuka, kugusana na kujipanga kabla ya kugandia mahali. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakusoma kemia, lakini hawakuwa mbali. Mkia wa saba ulikuwa mzuri kweli, ila ulihitaji muda. Nuhu aliyaelewa yote jioni ileile.

Kisha akaketi kuandika. Akafika mahali pa kueleza jinsi utando ulivyokaushwa, akaona mbele yake nyuso za jopo. Akawaona wakisoma neno sufuria, wakitazamana, mmoja akitabasamu kwa upande wa mdomo. Akaandika: ulikaushwa kwa njia ya kawaida. Na chini yake: molekuli inajipanga yenyewe. Aliona haya ya sufuria, hakuona haya ya uongo.

Baada ya hapo uongo ulijiendesha. Vioo vyote vya majaribio viliendelea kupita kwa Bi. Mwantumu, naye aliendelea kuvipalia, akidhani ndiyo kanuni. Vijiji vya kwanza kupakwa vilikuwa vya pwani, penye hewa nzito isiyo na upepo, rangi ikakauka taratibu kidogo ikatoa kumi na mbili, kumi na tatu. Watu wakapiga vigelegele. Ndipo Ngozi ikapelekwa bara. Takwimu za kijiji cha kwanza zilipomfikia mezani, Nuhu alijua palepale. Upepo wa huku unakausha rangi kwa sekunde arobaini. Alijua, akaandika kwamba fundi amechakachua.

Akatoa simu. Alijiambia anampigia Bi. Mwantumu kumjulia hali. Ukweli, alitaka kujua kama kuna mtu mwingine anayeweza kugundua.

"Mwanangu Nuhu!" Sauti ilijaa gari zima. "Leo jua limechomoza wapi? Umekula?"

"Shikamoo, Bi. Mwantumu. Nimekula. Nilikuwa nauliza, ile sufuria ya maabara..."

"Ninayo. Waliponistaafisha wakanipa saa ya ukutani, nikawaambia saa kaeni nayo, nipeni sufuria yangu. Ninayo hapa, napikia. Wajukuu nawaambia, mnaiona hii? Umeme wa bara wote umepikwa humu na bibi yenu." Akacheka mpaka akakohoa. "Uko wapi?"

"Singida."

"Ee, huko kwenye upepo! Sasa mapaa ya huko mnayapaliaje? Maana nilikuwa nafikiria juzi, paa ni kubwa, halina mfuniko. Lakini nikasema, Nuhu ana akili, ameshaliandika kwenye kitabu."

Nuhu akausogeza mkoba mbali na goti lake.

"Nuhu? Si uliandika?"

"Mtandao unakatakata, Bi. Mwantumu," alisema, akakata. Mtandao ulikuwa mzima. Alikaa ameishika simu, na uso ukamwaka moto hadi masikioni, mtu mzima, msomi, peke yake garini, bila mtu wa kumtazama.

3

Mkutano ulikuwa mbele ya mashine ya kusaga. Watu walikuja wengi. Mwenyekiti Mghenyi, mzee mwenye sauti ya taratibu asiyependa kuonea mtu, alisimama akaeleza kwamba kijiji kimeteseka miezi minne na leo mtaalamu mwenyewe amefika. Mgambo alikuwa pembeni na mashine ya msasa begani.

Fundi Eliwaza alisimama peke yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama karibu naye. Walikuwa ni watu waliomjua tangu anazaliwa.

"Daktari," Mwenyekiti alisema, "sisi hatutaki maneno mengi. Umepima. Rangi imechakachuliwa, haikuchakachuliwa?"

Nuhu akasimama. Alikusudia kusema kweli. Nataka msomaji aniamini hapo, alikusudia. Lakini ulimi ulitafuta njia ya pembeni, kama ulivyozoea.

"Taarifa ninayo," akasema, akiugusa mkoba.

Mwenyekiti alingoja. Neno la pili halikuja. Mzee akashusha pumzi, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaelewa alivyoelewa. "Basi," akasema. "Mgambo, anza na lile."

Lile lilikuwa paa la nyumba ya jirani na uwanja, nyumba fupi ambayo mtu akinyoosha mkono anagusa bati. Ilikuwa nyumba ya marehemu mama yake Eliwaza, na kiganja cha pembeni yake kilikuwa cha kwanza alichokiweka kijijini kwake. Mgambo hakuhitaji ngazi. Akaiwasha mashine.

Sauti yake si kubwa. Hulia kama nyuki walioudhiwa. Vumbi la kahawia lilitoka, upepo ukalichukua, kikaondoka kidole gumba, kikafuata cha shahada, na Nuhu akasimama palepale akitazama. Alikuwa na muda wa kusema. Zilipita sekunde, akazihesabu zote, na kila moja aliiacha ipite. Kidole kilichopinda kilikuwa cha mwisho kufutika.

Fundi Eliwaza hakulia. Alifanya kitu kidogo tu. Aliuchukua mkono wake wa kulia akauingiza ndani ya kanga, akauficha, kama mkono ulioiba.

"Simamisha!" Nuhu alipiga kelele. "Simamisha! Zima hiyo!"

Mgambo akazima. Bati lilibaki jeupe mahali pale, ukubwa wa kiganja.

"Rangi ni nzima," Nuhu alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akajichukia kwa wembamba wake. "Fundi hakuongeza kitu. Kilichochakachuliwa ni kitabu. Nimekichakachua mimi."

Akaendelea, kwa maneno yasiyo na mpangilio. Akawaambia kuhusu sahani, kwamba ukizitupa ovyo kwenye beseni hulala ovyo, lakini mtu akipata nafasi huzipanga zikakaa. Akawaambia upepo wao hauzipi sahani nafasi hiyo. Akawaambia kwamba alijua dawa yake tangu mwanzo, kwamba ilikuwa ni kuifunika rangi na mvuke wa thina, na kwamba aliyeigundua alikuwa ni mama mmoja wa Tanga kwa sufuria ya wali. Hakuiandika, kwa sababu ya hiyo sufuria.

"Ngoja kwanza," alisema yule mama wa kinu, mchi bado mkononi. "Yaani sisi tunatwanga miezi minne kwa sababu msomi kaonea haya sufuria?"

"Ndiyo, mama."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wakacheka wengi, kicheko kibaya kisicho na furaha. Nuhu alikipokea kichwa chini. Miaka minne alikikimbia kicheko kile, na sasa kilikuwa kimemkuta hapa, mbele ya mashine ya kusaga, tena kwa haki.

"Unaelewa unachokisema?" Mwenyekiti aliuliza. "Wakubwa wako watakuvua kila kitu."

"Naelewa."

"Na hao mafundi wengine tuliowasikia, wale wawili?"

"Hawakuwa na kosa. Wamesuguliwa kwa kidole changu." Akatoa taarifa mkobani, akaichana, na kilikuwa kitendo kisicho na maana kwa sababu nakala iko Tanga. Lakini mikono ilihitaji kazi.

Fundi Eliwaza akamsogelea. Alimtazama kwa makini, miwani imejaa vumbi la kiganja chake mwenyewe.

"Pale juu ya paa, nilipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

Hapo palikuwa na mlango mdogo. Angeweza kusema alikuwa anashuku tu. Mimi na wewe, msomaji, tungeupita.

"Nilikuwa najua," Nuhu alisema.

"Miezi minne," Fundi Eliwaza alisema polepole, "nimekisoma kitabu chako nikidhani kuna neno limenipita. Nikadhani mimi ndiye sijui kusoma." Akageuka, akaondoka. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya kanga.

4

Asubuhi Nuhu alimpigia Bi. Mwantumu akamwambia yote, bila kuzunguka. Upande wa pili kulikuwa kimya mpaka akadhani safari hii mtandao umekatika kweli.

"Sikujua sufuria yangu inakutia aibu," Bi. Mwantumu alisema mwishowe.

Nuhu aliwahi kuvuliwa cheo katika ndoto, aliwahi kufungwa katika ndoto. Hakuwahi kuliota neno kama lile. Akafungua mdomo kuomba radhi, na mama yule akamkatiza.

"Baadaye. Utakuja uniombe nyumbani, mbele ya wajukuu, kwa kuwa wao ndio niliowaambia. Sasa nieleze, hilo paa lina ukubwa gani? Na limeshakauka?"

"Limekauka miezi minne."

"Wali uliokauka si hunyunyiziwa maji ukapaliwa upya? Tafuteni turubai."

Pale zahanati Fundi Eliwaza alishafika. Alikuwa ameshona maturubai saba yakawa moja, na inaonekana aliyashona tangu alfajiri. Nuhu alisimama chini ya ngazi.

"Shikamoo, Fundi."

Fundi Eliwaza akakata kwanza uzi wa mwisho. "Marahaba," akasema. "Shika upande huo."

Walitandika matambara yaliyolowa thina juu ya vijiti, wakafunika paa lote, wakazibana pembe kwa mawe na magunia ya mchanga ili upepo usipate pa kuingilia. Jua lenyewe likawa moto wa juu. Simu ililazwa kwenye mgongo wa paa, na Bi. Mwantumu akatawala kazi kutoka Tanga.

"Thina kidogo! Nasikia mnavyomimina. Wali haupikwi kwa bahari."

"Tumepunguza, mama," Fundi Eliwaza alisema, akiinamia simu.

"Wewe nani?"

"Fundi Eliwaza. Ndiye niliyesahau turubai."

"Ah! Basi wewe na mimi ni kitu kimoja," Bi. Mwantumu alisema. "Sasa usifunue. Kila mtu anataka kufunua. Nuhu naye hupenda kufunua."

Hawakufunua. Walikaa chini ya tangi saa nne nzima, watu wakaongezeka uwanjani, mama wa kinu akaja na mchi wake. Nuhu alitaka kusema mambo mengi, akaona kwamba yote yangekuwa ya kujipunguzia mzigo yeye. Akaenda kukaza jiwe lililolegea pembeni.

Saa nane wakavuta turubai. Buluu ilikuwa imetoka mgongoni hadi mchirizini, na mawingu yalipopita juu, paa zima liligeuka kidogo kama njiwa anavyogeuza shingo. Kipimo kikasoma kumi na saba. Nyuma ya zahanati pampu ikakohoa, ikakata, ikakohoa tena, ikashika. Vigelegele vilipigwa mpaka Bi. Mwantumu akauliza kwenye simu kuna harusi ya nani.

Fundi Eliwaza akamimina rangi kidogo kwenye sahani. Akachovya kiganja chake, akakibandika pembeni, chini kulia, juu ya kile cha zamani, akakifunika kwa kitambaa chenye thina ili kikauke kwa raha zake. Kando yake akachora mraba mdogo kwa chaki.

"Hapa ni pa Bi. Mwantumu," alisema kwa sauti ya kusikika simuni. "Mama, njoo na sufuria yako."

Alipoinuka alimkuta Nuhu amechovya mkono. Hata yeye hakujua aliuchovya lini. Alikuwa ameunyanyua mbele yake, ukichuruzika, akitafuta pembeni mwa paa pa kuuweka, na alipoona anatazamwa aliona haya kuliko alivyoona jana mbele ya kijiji kizima. Akauteremsha, akaanza kutafuta tambara.

"Usiufute," Fundi Eliwaza alisema.

"Samahani, Fundi. Nilijisahau."

"Nimesema usiufute. Hapa si pako. Lakini yamebaki mapaa mia mbili na kumi na matatu ya kahawia, na watu wanapita wanaona kiganja changu juu yake. Chukua hiyo sahani. Kila paa bovu liwekee mkono wako, kila mtu ajue ni la nani. Tukilipalia likakubali, nitakuja na msasa niutoe mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayegawa kazi.

Nuhu akashuka ngazi kwa mkono mmoja. Watu walimpisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumba fupi jirani na uwanja, nyumba ya marehemu mama yake Eliwaza, pale penye bati jeupe la ukubwa wa kiganja. Akachovya tena, akabandika, akakaza vidole vyote vitano.

Upepo ulikuwa unavuma. Hakusubiri hata dakika. Alipouondoa mkono, rangi ilikuwa imeshakauka, na ilikuwa rangi ya chai.